Anakusanya Bia za Ubelgiji, Ila Tembo la Babu Yake Mafia Ndilo Lililomshinda

Kila mtu mjini siku hizi ana kitu anachokusanya. Kuna wa raba, kuna wa jezi za zamani za Simba na Yanga, kuna wadada wenye chupa za manukato mpaka meza imejaa na bado wanaagiza nyingine. Jamaa wa stori hii anakusanya bia. Na siyo zile za kumaliza Jumamosi. Anazo chupa 13 alizopata ndani ya miaka minne, amefungua 4 tu, zilizobaki anaziangalia.

Jina lake halina kazi hapa, mwite Jamaa. Kazaliwa Mafia, kakulia Mbagala, anatengeneza lebo na mabango kwenye ofisi moja ya uchapaji Kariakoo. Ugonjwa wake ulianzia kwenye lebo. Rafiki yake wa sekondari anayeishi Brussels alimtumia picha ya chupa akamwambia, "Oya, cheki hii dizaini." Jamaa akaicheki. Dizaini ilikuwa ya kawaida tu, ila pembeni kulikuwa na namba na msimu, kama vile kitabu kinavyoandikwa kimechapwa mara ya ngapi. Akauliza, bia inawekewa namba ya nini? Jibu la swali hilo limemgharimu hela nyingi kuliko simu yake.

Jibu lenyewe ni hili. Bia ya kawaida, ile unayoikuta baa yoyote kuanzia Sinza mpaka Kilindoni, inatiwa hamira ambayo kiwanda kinaitunza chenyewe. Hamira ileile, kipimo kilekile, ladha ileile. Ukinywa leo na ukinywa mwakani hutaona tofauti, na ndicho unacholipia.

Lambiki haiko hivyo. Ni bia ya Brussels na vijiji vya jirani, upande wa bonde la mto Senne na Pajottenland. Inapikwa kwa shayiri na ngano mbichi, halafu ule mchuzi wake mtamu unamwagwa usiku kwenye chombo kikubwa cha chuma, kipana na kifupi kama sinia, unaachwa upoe wenyewe. Hakuna anayetia hamira. Hewa ya usiku na kuta za jengo ndizo zinazoleta hamira za porini na bakteria wake. Asubuhi inaingia kwenye mapipa ya mbao, inakaa mwaka, miwili, hata mitatu. Kisha mchanganyaji anaonja pipa baada ya pipa, anachanganya changa na kuukuu, anajaza chupa na kupiga kizibo, na humo ndani inachacha tena.

Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza Brussels mwaka 1900, kinapika miezi ya baridi tu, maana joto likizidi hewa inaleta wadudu wasiotakiwa. Yaani mpishi anasubiri hali ya hewa kama mvuvi anavyosubiri upepo.

Ndiyo maana mikupuo haifanani. Pipa hili lilikuwa karibu na mlango, lile lilikuwa gizani. Mwaka huu baridi ilikuja mapema, mwaka ule ilichelewa. Kiwanda cha 3 Fonteinen cha kule Beersel kinaandika kwenye chupa namba ya mchanganyiko na msimu wake, mnywaji ajue kabisa kashika nini. Na wapenzi wa vitu hivi wakikutana swali lao la kwanza siyo "bia gani", ni "mkupuo gani?" Mmoja atakwambia ule wa mwaka fulani ulinukia ndimu, mwingine atakwambia wake ulinukia blanketi la farasi, na hapo anausifia. Wanabadilishana chupa kama watoto wanavyobadilishana golori. Zile adimu zinauzwa mkononi kwa mamia ya yuro.

Jamaa hana mamia ya yuro. Ana rafiki anayekuja likizo na begi lenye nafasi ya chupa mbili tatu, zimefungwa kwenye suruali za jinzi. Na kwa sababu chumba chake Mbagala kinachemka kama oveni, anamlipa mwenye duka la soda shilingi elfu 10 kwa mwezi kwa rafu ya chini ya friji. Umeme ukikatika usiku, wenzake wanalalamikia feni. Yeye anawaza chupa.

Si woga wa bure. Mwaka 2009 huko huko 3 Fonteinen mtambo wa kudhibiti joto uliharibika, ghala likapata joto kali, makumi ya maelfu ya chupa zikaharibika, nyingine zikapasuka zenyewe. Mzee mwenye kiwanda, Armand Debelder, alibaki na bia isiyouzika, akachukua iliyobaki akaipeleka kukenekwa ikawa pombe kali, na hiyo nayo ikawa kitu cha kukusanywa. Jamaa akisimulia kisa hicho sauti inashuka kama anasimulia msiba wa jirani.

Marafiki zake wanamcheka. Mmoja alionjeshwa glasi moja akasema, "Kaka, hii si imechacha?" Ndiyo, imechacha. Ndiyo habari yenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho Jamaa hakuwahi kuwaambia. Kule kwao Mafia, babu yake ni mgema.

Watu wa mjini wakisikia Mafia wanawaza papa potwe wa Oktoba mpaka Machi na picha za chini ya maji za ghuba ya Chole. Mwenyeji anawaza minazi. Kisiwa kile kimeishi kwa nazi tangu enzi za mashamba ya Waarabu, na mpaka leo ukitoka Kilindoni kwenda Utende minazi ndiyo inayokusindikiza. Nazi ni za kila mtu. Tembo ni la wachache, na hao wachache hawatajwi sana. Kisiwa kina misikiti kila kijiji, na mtu anaweza kuishi miaka 70 akigema na kwenye sherehe akatambulishwa kuwa ni "mzee wetu wa huko shamba". Kwenye fomu za shule, palipoandikwa kazi ya mlezi, Jamaa alikuwa anaandika "mkulima".

Nyumbani kwenyewe mambo yalikuwa na mpaka wake. Babu hanywi. Anagusa kwa ncha ya ulimi, anatema, anajua. Bibi ndiyo kabisa, kibuyu hakivuki kizingiti chake. Kinaishia kwenye mwembe wa nje, na Babu ananawa mikono kabla hajashika sahani. Wameishi hivyo zaidi ya miaka 40, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Jamaa aliporudi kwa likizo mwezi wa 4, mara ya kwanza tangu akolee kwenye lambiki, alikwenda na Babu shambani alfajiri. Alikuwa ameona kazi ile mara mia utotoni. Safari hii aliiangalia kama mtu anayesoma.

Mnazi mrefu una vidato vilivyochongwa kwenye shina, mgema anapandia hivyo. Juu anakuta karara ambalo halijafunguka, limefungwa kamba, limekatwa ncha. Kwa kotama anakata kipande chembamba kama karatasi ili utomvu usizibe, anamimina kilichokusanyika, anarudisha kibuyu. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye minazi amechagua, na mgema anamlipa kwa uchaguzi huo.

"Babu, hamira unaitia saa ngapi?" Jamaa akauliza, huku jibu analijua.

"Hamira ya nini? Mimi naoka mkate?"

Kibuyu ndicho chenye hamira. Hakioshwi mpaka kikatakata. Mabaki ya jana yanachachua ya leo, na hewa ya shamba na wadudu wa maua wanaongeza yao. Utomvu unaanza kuchacha ukiwa bado unadondoka. Hakuna aliyemfundisha Babu habari za bonde la mto Senne, lakini anajua kibuyu kipi kinafanya tembo likolee haraka na kipi kinalichelewesha, kama mchanganyaji wa Beersel anavyojua mapipa yake.

Tofauti ni muda. Lambiki ina miaka. Tembo lina siku. Asubuhi ni tamu, mchana linachangamka, jioni kali, kesho yake linakunja uso, na ukiliacha zaidi linakuwa siki. Hakuna rafu ya kuliweka. Hakuna namba. Siku ile Jamaa alikaa kilabuni akapewa kopo lake, akajisahau akauliza, "Hili mkupuo gani?" Benchi zima likacheka. "Mkupuo wa leo, bwana! Wa jana tulishaukojoa."

Alicheka nao. Halafu mnywaji mmoja, mtu mzima, akainua kopo lake juu ya mwanga, akalitikisa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Methali hiyo kila mtu kaisoma darasani. Mwalimu anaeleza kwamba ukimsifu mtu atavimba kichwa na kuharibu kazi. Ukiwa mjukuu wa mgema na umekaa kwenye benchi lile, haihusu kichwa kuvimba. Inahusu mtu unayemjua, kwamba ni mwizi.

Mama anayeuza pale alimvuta Jamaa pembeni. Hakuwa na ubaya, alikuwa na biashara. Babu anamletea dumu la lita 20 kila siku, kutoka minazi 12. Tangu mvua zianze, kuna siku tembo linakuja jepesi na wateja wanasema. Kuna mgema mwingine, kijana, ameshapita kuulizia. "Mwanangu, mimi mzee namheshimu. Ila hawa wanakunywa kwa hela zao."

Jamaa aliwaka. Na kwa kuwa ni mtu wa mikupuo, aliwaka kwa namna yake, akanunua daftari.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kitu kinachochachuka chenyewe hakifanani siku mbili. Kule Ubelgiji kutofautiana ndiko kunakoandikwa kwenye lebo na kulipiwa, huku kwetu kutofautiana ni ushahidi wa wizi. Mvua ikinyesha usiku maji yanaingia kibuyuni. Karara likikaribia kuisha utomvu unapungua ladha. Mtu akiandika kila siku, sababu zitajitokeza zenyewe na jina la Babu litasafishika.

Basi akagawa kazi. Binamu yake, binti wa kidato cha 2 anayeishi na Babu na Bibi, angeandika ya shambani: tarehe, mvua ilinyesha au haikunyesha, Babu amepanda minazi mingapi, amerudi saa ngapi. Mama muuza angeandika ya kilabuni: dumu limejaa au halikujaa, na wateja wamesemaje. Hakuna kati yao anayeona daftari la mwenzake. Kila Ijumaa wanapiga picha kurasa, wanamtumia kwa WhatsApp, yeye anaunganisha.

Zilipita wiki 6. Siku 42. Usiku mmoja, ofisini Kariakoo wenzake wameshaondoka, Jamaa akapanga kila kitu kwenye jedwali moja.

Siku ambazo wateja walisema "jepesi" zilikuwa 11. Kati ya hizo, 7 zilikuwa na mvua usiku wake. Alipiga meza kwa furaha. Hii hapa, mvua!

Zikabaki 4. Hizo hazikuwa na mvua. Kwenye daftari la binamu, safu ya minazi iliyopandwa, siku zote zilikuwa na 12. Siku hizo 4 zilikuwa na 9, 9, 8 na 9. Kwenye daftari la mama muuza, siku hizo hizo, dumu: limejaa, limejaa, limejaa, limejaa.

Minazi 9 haijazi dumu la minazi 12. Jamaa alikaa na lile jedwali muda mrefu. Hakuna aliyekuwa amemtuma alitafute jambo hili, na hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Binti aliandika alichoona, mama akaandika alichopokea. Wawili hao hawakujua wameandika nini wakiwa pamoja.

Mtu anayetengeneza lebo anajua kufuta mstari. Ingechukua sekunde. Siku 38 zingemtetea Babu vizuri kabisa, mvua ingebeba lawama, na yule mwenye methali yake angenyamaza. Lakini huyu ndiye mtu anayewatukana mtandaoni wanaouza chupa zenye namba za uongo. Alikaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama analala hapo.

Kesho yake alipiga simu kupitia kwa binamu. "Shikamoo Babu." "Marahaba, mume mwenzangu, hujambo? Bibi yako anakuulizia." Akazungukazunguka, habari za mvua, habari za mjini. Mwisho akasema, Babu, zile siku nne.

Mzee alikaa kimya mpaka Jamaa akadhani vocha imekata.

"Bega," Babu akasema. "La kulia. Ile mitatu ya kisimani ni mirefu, kuna siku mkono hauendi juu ya kichwa. Na mama wa watu anataka dumu lake. Nilitia." Kimya tena. "Lakini si kwa kusifiwa, mjukuu wangu. Nani alinisifu?"

Kama umewahi kuitumia ile methali kwenye insha ukapata alama, lisome swali hilo mara ya pili. Wote pale kilabuni walijua maji yanatiwa na mgema aliyevimba kichwa. Hakuna aliyewahi kufikiria maji yanayotiwa na mgema aliyezeeka, anayeshuka na dumu pungufu na kuona aibu kusema kwamba mwili umekataa. Mwenye kiwanda joto likimharibia chupa anatangaza hasara, wateja wanamwonea huruma, wengine wanamchangia. Mgema hana pa kutangaza. Ana dumu ambalo lazima lijae.

Jamaa akamwambia anaweza kuzifuta zile siku, hakuna atakayejua. Babu akamuuliza yule binti kaziandika kwa wino au penseli. Wino. "Basi mtoto kaandika kweli, wewe utafuta cha nini?"

Jioni ile Babu alikwenda kwa mama muuza mwenyewe, bila dumu. Waliyoongea hayakusikika na mtu. Kinachojulikana ni kwamba kuanzia wiki iliyofuata Babu analeta lita 14 za minazi 9, kwa bei ileile ya lita, na ile mitatu ya kisimani ilipangwa ichukuliwe na mgema kijana akishamaliza kazi yake ya shamba la upande wa pili. Mama muuza alimwambia binamu neno moja tu: "Angesema toka mwanzo." Na yule mnywaji wa methali? Bado anakunywa pale. Siku za mvua bado analalamika, na siku za mvua ana haki.

Mwezi wa 8 Jamaa alipanda tena boti ya Nyamisati kwenda Kilindoni. Alikuwa na siku tatu tu. Minazi ya kisimani ilikuwa inakabidhiwa wiki hiyo, na Babu alisema atapanda mara moja ya mwisho, polepole, bega likiruhusu. Likaruhusu. Alishuka na lita nne na kidogo.

Hapo mkusanyaji akamshinda mjukuu. Jamaa alitaka tembo lile. Mkupuo wa mwisho wa Babu kwenye minazi mirefu! Alitafuta chupa tatu za maji za lita moja na nusu, akazijaza, akakaza vifuniko.

"Usikaze," Babu akamwambia. "Hiki kitu kinapumua."

Jamaa aliyesoma kila kitu kuhusu chupa zilizopasuka Beersel mwaka 2009 alijibu kwamba ataangalia. Begi lilikuwa dogo, chupa ya tatu haikuingia. Akailegeza kifuniko, akaisukuma nyuma ya mitungi kwenye stoo ya jikoni kwa Bibi, pasipoonekana, akakusudia kumwambia Babu aitoe. Akasahau.

Zile mbili zilifika katikati ya bahari. Jua kali, boti inaruka, ya kwanza ikalia kama tairi la bodaboda. Tembo likamwagika kwenye begi, kwenye shati, na kwenye kikapu cha mama mmoja wa baibui aliyekuwa anapeleka samaki wakavu kwa wanawe Dar. Alimwangalia Jamaa kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema "Astaghfirullah", akahamisha kikapu. Jamaa akakimbilia kuifungua ya pili, ikamrushia povu lote usoni. Alifika Mbagala ananuka kilabu, begi tupu.

Ndiyo ukawa mwisho wa mkupuo ule, alivyodhani. Kwa miezi karibu mitatu hakupost hata picha moja ya chupa. Mwenye duka la soda akamuuliza kama bado anaihitaji rafu.

Mwishoni mwa mwezi wa 10 binamu akampigia. "Kaka, Bibi anakutafuta. Ameikuta chupa yako."

Jamaa moyo ukalia paa. Tembo, ndani ya jiko la Bibi, nyuma ya mitungi ya Bibi. Simu ikapokewa na Bibi mwenyewe. Hakuna "mume wangu" wala utani.

"Umetia nini humu ndani?"

"Sijatia kitu, Bibi. Tembo tupu."

"Hukutia chumvi? Sukari? Hukutia chochote?"

"Wallahi sikutia."

"Basi limegeuka lenyewe," Bibi akasema, na sauti ikashuka. "Ni siki."

Jamaa hakuelewa haraka. Binamu ndiye aliyemfafanulia baadaye, yeye alishasomeshwa chuoni. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, pombe iliyogeuka kuwa siki yenyewe, bila mtu kuitia kitu, ni tohara na ni halali. Ukiitia kitu ili igeuke, hapo haifai. Kwa hiyo maswali yale ya Bibi hayakuwa ya hasira. Alikuwa anahakikisha.

Wapenzi wa lambiki wakikuta chupa imekuwa siki wanaimwaga kwenye sinki na kuandika malalamiko marefu. Kwa Bibi, ile ndiyo mara ya kwanza kazi ya mumewe kuvuka kizingiti. Alikuwa ameshaitia kwenye kachumbari na kwenye achari ya pilipili, na Babu alikuwa amekula bila kuambiwa. Alipoambiwa, anasema binamu, aliacha kutafuna kidogo, akaendelea.

Mwezi wa 12 Jamaa alirudi Mafia na kitu alichokitengeneza Kariakoo usiku baada ya kazi: lebo. Karatasi nzuri isiyolowa, maandishi meusi, hakuna mapambo. Minazi 3 ya kisimani. Mwezi wa 8, asubuhi. Hakuna mvua. Chupa 1. Akaibandika mbele ya Bibi, akamsomea.

Bibi akaikagua kwa kidole. "Na aliyeligema?"

Jamaa akasema si lazima, siki ni siki.

"Andika," Bibi akasema. "Jina lake lote. Na kazi yake."

Akatoa kalamu akaandika chini ya lebo, kwa mkono: Mgema, kisha jina la Babu, la baba yake na la babu yake. Chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu. Alitaka kuondoka nayo, aiweke kwenye rafu ya friji kati ya zile za Ubelgiji. Bibi akamwambia hapana, Ijumaa ana wageni.

Na wewe, kwenye zile fomu za shule, kazi ya babu yako uliandika nini? Shuka chini kwenye maoni useme kweli.